Stendi ya tangi la samaki la futi tano: chuma au mbao?

Mvuvi wa Kioo (Jinja)

Habari zenu wakuu.

Nimepata tangi la kioo la kufugia samaki: urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60, kioo cha milimita 12. Halina fremu yoyote chini, ni kioo kitupu kilichounganishwa kwa silikoni. Lilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya hapa mjini. Walipoanza ukarabati wakataka nafasi, mimi nikataka tangi, tukaelewana. Tatizo ni kwamba kule lilikaa juu ya ukuta wa matofali, na ukuta haubebeki. Sasa limelala sebuleni juu ya magunia, watoto wanaingia humo kucheza, na mama yao ameshatamka kwamba Krismasi haitalikuta pale.

Nakaa Walukuba, nyumba ya chini, sakafu ya saruji. Nataka kuweka mchanga, rundo la mawe, na nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani wenye rangi.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwangu anasema atanipigia stendi ya bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita moja na nusu, miguu minne, kimo sentimita 75, shilingi laki nne na nusu pamoja na rangi. Mguu wa katikati hautaki kabisa. Anasema utaharibu sura na utanizuia kuingiza kichujio. Upande wa pili nina mbao za musizi, nne kwa mbili, zilizobaki baada ya kuezeka, na shemeji yangu ni seremala. Yeye ananishangaa kwa nini nimtajirishe mchomeleaji wakati mbao ninazo ndani.

Wote wawili wanaongea kwa uhakika, ndiyo maana nimekuja hapa. Uzito wenyewe utafika ngapi? Na mguu wa katikati una kazi gani hasa?

Cheche za Katwe (Kampala)

Karibu mkuu. Mimi kazi yangu ni mageti, madirisha na vitanda vya shule za bweni, lakini stendi za matangi nimezipiga za kutosha, na swali lako la mguu wa kati ndilo swali lenyewe. Tuanze na uzito.

Ukijaza maji hadi sentimita tano chini ya ukingo, humo ndani mnaingia kama lita 460, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 12 ni kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na lako lina mita tatu na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo tangi tupu lina kilo 100 na ushee. Ongeza mchanga wa kina cha sentimita tano, ongeza mawe, toa maji ambayo mawe yameyafukuza, ongeza stendi yenyewe na vitu utakavyoweka chini yake. Piga hesabu ya kilo 700. Ni kama watu wazima kumi wamesimama kwenye mkeka mmoja, na hawaondoki mchana wala usiku.

Sasa gawanya: boriti ya mbele inabeba 350, ya nyuma 350. Bomba la 40 kwa 40 la milimita moja na nusu, likiachwa mita moja na nusu bila kitu katikati, chini ya mzigo huo hulegea karibu milimita 13 katikati. Na si kulegea tu, lingekuwa karibu na mahali ambapo chuma cha kawaida kinapinda na hakirudi tena. Ukipanda hadi 50 kwa 50 la milimita mbili, unapata milimita tano. Chuma hapo kiko salama, lakini wewe hukuja kuuliza habari za chuma, umekuja na kioo.

Kioo hakijui kulegea. Boriti ikishuka katikati, kioo hakiifuati. Kinabaki kimeegemea ncha mbili, na kile kioo cha chini kinabeba maji peke yake kikiwa hewani. Hakitapasuka siku hiyo. Kitakaa, silikoni itavutwa kidogo kidogo, halafu siku moja pembeni unaona mstari wa unyevu.

Weka mguu katikati, mbele na nyuma. Boriti sasa inaruka sentimita 75 badala ya 150. Urefu ukipungua nusu, kulegea kunapungua mara 16. Zile milimita 13 zinakuwa chini ya moja, na zile tano zinakuwa theluthi ya milimita. Mguu mmoja umekufanyia kile ambacho hungekipata hata ungenunua bomba zito mara mbili.

Na usimruhusu fundi aweke mguu wa kati mwembamba "kwa sababu ni wa kusaidia tu". Kwa hesabu, ule ndio unaobeba zaidi: kilo 200 na zaidi kila mmoja, wakati miguu ya pembeni inabeba kama 65. Uwe bomba lile lile.

Kuhusu kichujio: utakuwa na milango miwili, kila mmoja kama sentimita 67. Hakuna kichujio cha nyumbani kinachoshindwa kupita hapo.

Ushauri wangu ni 50 kwa 50, milimita mbili, miguu sita, fremu juu na fremu chini, na kipande kinachokatisha katikati juu na chini kuunganisha miguu ya kati. Mabomba matatu ya mita sita yanatosha. Ukienda dukani nenda na venia, kile kifaa cha kupimia unene, upime kwenye ncha iliyokatwa, kwa sababu kinachoitwa milimita mbili kwa mdomo si lazima kiwe mbili kwenye kipimo. Usione aibu. Muuzaji akikasirika kwa kupimwa, nenda duka la pili.

Randa (Arua)

Salamu wote. Cheche ameongea vizuri, lakini naona mbao zimehukumiwa bila kusikilizwa.

Mbao inabeba tangi hilo bila shida. Huku Arua mbao ngumu kutoka Kongo zinapita kila siku, na mtu akiniletea tangi kama lako sifikirii chuma kabisa. Shida si mbao, ni jinsi watu wanavyoziunga. Anapigilia boriti ubavuni mwa mguu kwa skrubu nne, halafu anasema stendi imekamilika. Hapo kilo 700 hazikai juu ya mbao, zinaning'inia kwenye skrubu. Na zile skrubu nyeusi za bodi ya jasi hazipindi, zinakatika.

Kanuni ni moja: mzigo ushuke mbao juu ya mbao hadi sakafuni. Boriti imelala juu ya kichwa cha mguu, mguu umesimama juu ya kitako, kitako kimelala sakafuni. Ukizitoa skrubu zote, stendi iendelee kubeba. Skrubu kazi yake ni kuzuia vitu visitembee, basi. Boriti isimame kwa upana wake, yaani ile inchi nne iwe wima. Wengi wanailaza halafu wanashangaa.

Ila musizi... Shemeji yako asikasirike. Musizi ni mbao nyepesi, laini, inarandika vizuri na ni ya ndani. Lakini wadudu wanaipenda, mchwa wanaipenda, na unyevu hauiachi salama. Chini ya tangi la samaki unyevu haukosi, ukimwaga ndoo unapobadilisha maji, au mpira ukichomoka. Ingekuwa mvule au mugavu ningekuambia anza leo. Kalitunsi, yaani mkaratusi, mbichi usiiguse, itakapokauka itajipinda na kuvuta stendi nzima. Paini iliyotiwa dawa na kukauka inafaa.

Kama lazima utumie hizo musizi, kwanza ziangalie kwa jicho moja kutoka nchani. Mbao iliyobaki kwenye paa mara nyingi ilibaki kwa sababu mafundi waliiona imepinda wakachagua nyingine. Na MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, usiipeleke karibu na stendi hata kwa mlango. Ikinywa maji inavimba na hairudi.

Cheche za Katwe (Kampala)

Randa, hapo kwenye mzigo kushuka moja kwa moja tuko pamoja, na hata kwenye chuma ni hivyo hivyo. Mguu ukae chini ya boriti, usichomelewe ubavuni. Nimeona stendi ambayo fundi alichomelea fremu ya juu katikati ya miguu, miguu ikachomoza pembeni kwa sababu mteja alitaka urembo. Hapo kilo 700 zimeachiwa mistari ya kuchomelea.

Bonde la Ufa (Fort Portal)

Nyote mmezungumzia mzigo wa kwenda chini. Mimi nazungumzia wa kwenda upande.

Huku kwetu ardhi inatikisika. Wazee hapa wanahesabu miaka kwa tetemeko la 1966, na la Februari 1994 wengi wetu tunalikumbuka wenyewe. Jinja iko mbali na bonde, sawa, lakini lile la Bukoba la Septemba 2016 lilisikika hadi Kampala. Na hata bila tetemeko, mtoto mmoja akiegemea tangi kwa mgongo anatosha.

Stendi ya miguu sita bila mshazari ni mistatili mitupu, na mstatili unalala upande ukisukumwa. Weka vyuma vya mshazari nyuma na kwenye mbavu zote mbili, mbele acha wazi. Vyuma bapa vinatosha. Kama ni mbao, gundisha plaiwudi ya milimita 12 nyuma yote, inafanya kazi hiyo hiyo. Halafu funga stendi ukutani kwa mabano mawili na bolti za kupanuka. Stendi ndiyo ifungwe, tangi usilifunge na kitu chochote.

Na maji usijaze hadi ukingoni. Ile nafasi ya sentimita tano aliyoitaja Cheche ndiyo inayokuokoa maji yakianza kuyumba.

Nnyabo wa Ntinda

Samahani kuingilia. Mimi nina tangi dogo kidogo kuliko hilo, sentimita 120, na niko ghorofa ya pili. Stendi ninayo nzuri ya chuma. Sasa baada ya kusoma habari za watu kumi kwenye mkeka nimeanza kuitazama sakafu. Nihofu?

Cheche za Katwe (Kampala)

Dada, sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Tangi la Mvuvi linaweka karibu 780 kwenye mita moja ya mraba. Lakini ile 150 huhesabiwa kwa chumba kizima, na sehemu kubwa ya chumba chako haina mtu wala kitu, ndiyo maana makabati ya vitabu hayaangushi maghorofa. Cha muhimu ni mahali.

Liweke limeegama ukuta unaoshuka hadi chini, usiliweke katikati ya chumba. Varandani iliyochomoza nje usiweke kabisa, hata kama mandhari ni mazuri. Kama slabu yenu ni ya maksipani, yaani matofali ya udongo yenye matundu yaliyopangwa ndani ya zege, na majengo mengi ya Kampala ni hivyo, nguvu iko kwenye mbavu za zege zilizo kati ya yale matofali ya udongo. Mara nyingi mbavu zinakatisha upande mfupi wa chumba. Tangi likikaa kwa kukatisha mbavu, linapumzika juu ya kadhaa. Likikaa sambamba nazo, huenda likaiangukia moja tu. Na kwa kuwa ni ghorofa ya watu, mwone mhandisi kabla ya kuongeza tangi la pili. Mwenye nyumba yeye atakwambia tu hakuna shida, kwa sababu hajui.

Mvuvi wa Kioo (Jinja)

Nashukuru sana wote. Nimempelekea fundi simu akasoma mwenyewe. Alinuna kwanza, halafu akachukua bomba la 40 kutoka kwenye rundo lake, akaliweka juu ya matofali mawili, akasimama katikati. Likashuka. Hakusema kitu. Akaniambia miguu sita, bomba la 50, na bei inapanda hadi laki sita. Nimekubali. Shemeji atanifanyia milango na kimbao cha juu, kwa hiyo amani imerudi nyumbani.

Bado nina maswali. Juu ya chuma kunawekwa nini kabla ya tangi? Na nitajuaje kwamba fremu imenyooka? Sakafu yangu ina mteremko kidogo kuelekea mlangoni.

Cheche za Katwe (Kampala)

Hapa ndipo stendi nyingi nzuri zinaharibikia, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Chuma ukikichomelea kinavutwa na joto. Fundi akianza kona moja akaimaliza yote, fremu inajikunja kuelekea kona ile. Mwambie ashikize kwanza kona zote kwa nukta ndogo, asimame, apime. Ulalo wa fremu ya 150 kwa 60, kona hadi kona, ni sentimita 161 na nusu. Ulalo wa pili lazima uwe huo huo. Ukizidi hata milimita tatu, agonge kwa nyundo hadi vilingane, ndipo amalizie, tena kwa kuruka: kona hii, halafu ya mkabala, aache ipoe.

Kulingana kwa ulalo bado hakutoshi, kwa sababu fremu inaweza kuwa na kona za mraba na bado imejinyonga, kona moja imeinuka. Chukua nyuzi mbili, zivute kona hadi kona zipishane katikati kama herufi X, zote zikigusa chuma kwenye kona. Pale zinapokutana zinatakiwa zigusane tu. Kama kuna mwanga kati yake, au uzi wa juu umekalia wa chini hadi ukaubonyeza, fremu imejinyonga. Badilisha uzi wa juu uwe wa chini urudie, maana upande mmoja unaweza kukudanganya. Hii haihitaji kifaa cha bei, na inaona kile ambacho pimamaji fupi haioni.

Halafu pitisha kiganja juu ya fremu yote. Pale palipochomelewa panakuwa na kinundu. Kisagwe kwa greinda hadi kiganja kisihisi kitu. Kinundu kidogo tu chini ya kioo, na mzigo mkubwa unakwenda kukalia nukta hiyo moja.

Juu ya fremu weka plaiwudi ya kuzuia maji, ile ya marini, milimita 18, ukubwa ule ule wa tangi. Juu yake, kwa kuwa tangi lako halina fremu, tandika povu jeupe gumu la milimita 10, kipande kimoja bila kiungo. Linameza chembe ya mchanga au kasoro ndogo ya mbao. Halirekebishi stendi iliyopinda, usimruhusu mtu akudanganye hivyo. Na anayesoma hapa akiwa na tangi lenye fremu ya plastiki chini, ambalo kioo chake kimening'inia ndani ya fremu, yeye asiweke povu. Litasukuma kioo juu mahali ambapo hakikutengenezwa kusukumwa.

Mteremko wa sakafu unarekebishwa miguuni. Kila mguu uchomelewe bamba la sentimita 10 kwa 10, unene milimita sita, ili usitoboe saruji. Chini ya bamba ingiza vipande vyembamba vya chuma hadi pimamaji itulie, kwa urefu na kwa upana. Kamwe usiweke vipande kati ya stendi na tangi. Nimekuta mtu amekunja kadibodi akaisukuma chini ya kona moja ya kioo, eti limelingana.

Ukishalipandisha, na liwe tupu na mlinyanyue watu wanne, jaza theluthi moja, liache lilale usiku. Asubuhi pima kutoka ukingoni hadi kwenye maji, kona zote nne. Hakuna pimamaji inayoshinda maji yenyewe. Kama kona moja imeshuka, toa maji, inua, rekebisha mguu, anza upya. Usijaribu kuingiza kitu chini ya mguu maji yakiwa ndani. Zikilingana, endelea hadi theluthi mbili, angalia tena, ndipo umalizie.

Nyaya za pampu na za kupasha joto ziache zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia. Tone linalotembea juu ya waya litadondoka pale chini, halitaingia ukutani. Na usiweke mkabala na dirisha, utafuga mwani badala ya nkejje.

Randa (Arua)

Hiyo ya kiganja juu ya chuma naiunga mkono, na plaiwudi pia iko hivyo hivyo. Mwambie shemeji azibe kingo zake kwa vanishi mara mbili. Maji hayaingii juu, yanaingia kwenye ule ubavu uliokatwa.

Mvuvi wa Kioo (Jinja)

Nimeelewa. Fundi anaanza Jumatatu. Amebakiza swali lake mwenyewe: apake rangi gani, na mara ngapi?

Cheche za Katwe (Kampala)

Kwanza asugue kutu na yale maganda meusi ya kuchomelea, maana rangi ikipakwa juu yake inabanduka nayo. Ncha zote za bomba zilizo wazi zizibwe kwa vipande vya bati na kuchomelewa, maji yasiingie ndani. Redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mkono mmoja, ikauke kweli kweli, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Mwambie pia apake upande wa chini wa yale mabamba ya miguu kabla ya kuisimamisha stendi. Wengi hawapagusi kwa sababu hapaonekani, na maji ya deki yanakaa pale pale.